Wili bila breki ya nyuma ni kujifunga mwenyewe

SIMBA na Yanga zikimalizana Kwa Mkapa, barabara za Goba nazo huwa na shangwe zake. Bodaboda waliovaa jezi wanapiga wili, tairi la mbele juu, honi mfululizo.

Mashabiki wa pembeni wanadhani siri ni mafuta. Siyo. Dereva anashika klachi, anaongeza moto kidogo, anaiachia kwa haraka, tairi linanyanyuka. Kazi ni kulishusha, na kinacholishusha ni breki ya nyuma. Mguu wa kulia ukitoka kwenye pedeli, pikipiki inampindukia mgongoni.

Boxer ya 150 ina nguvu za farasi kama 12 tu, hivyo inalazimishwa. Yamaha R6, ya sisi 600, ina zaidi ya 100. Ile ukivuta moto vibaya gia ya kwanza, inanyanyuka bila kukuomba ruhusa.

Anayejifunza kwa akili huanzia uwanja wa wazi, helmeti kichwani, akizoea breki kwanza. Goba ni milima, kona na kokoto, na watoto wanatembea pembeni ya lami. Hapo si pa mazoezi.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inawajua vizuri majeruhi wa bodaboda. Isitoshe, pikipiki nyingi ni za mkataba. Timu ikifungwa kuna mechi ya marudiano, lakini mguu ukivunjika, hesabu ya bosi iko palepale.