Dola 500 na kinga moja

Butembo baiskeli husukumwa zaidi ya kupandwa. Utamkuta kijana ameinama kwenye mpando, kinga yake, ndivyo tunavyoiita huku, imebeba magunia ya makala au madumu ya mawese. Kijiti kimefungwa kwenye usukani ili aiongoze akiwa pembeni, na kwenye mteremko soli ya kandambili ndiyo breki. Chombo hicho kinayajua mashimo yote ya mji, ila hakiandiki.

Tuseme chama cha mtaa au kundi la wanafunzi limepata dola 500 za kutumia hapa na Beni, mji jirani, na linataka kumpelekea meya wa kila mji takwimu badala ya malalamiko: barabara ipi imeharibika kiasi gani, vumbi limezidi wapi, msongamano wa motari, yaani waendesha bodaboda, huanza saa ngapi. Wanunue nini?

Kinachovutia macho kwanza ni baiskeli iliyokwisha kuwekewa vihisi kiwandani. Desemba 2009, wakati wa mkutano wa tabianchi mjini Copenhagen, maabara moja ya chuo cha MIT cha Marekani ilionyesha gurudumu jekundu la nyuma lenye mota, betri na vihisi vya moshi, kelele, joto na unyevu. Mtu anakwenda zake kazini, mji unapata ramani ya hewa yake. Wazo zuri sana. Lakini gurudumu lililokuja kuuzwa madukani lilizidi dola 1,000, bila baiskeli yenyewe, na kampuni iliyolitengeneza ilifunga biashara yake Marekani mwishoni mwa 2023. Fundi wa Beni atalifungua kwa spana. Programu yake atamwomba nani? Ongeza ushuru wa mpakani Kasindi, kisha ulitwishe gunia la makala. Mimi silinunui.

Chaguo la pili ni kujitengenezea kisanduku na kukifunga kwenye kinga iliyopo. Hapa Butembo ina bahati yake: wafanyabiashara wake wamezoea kuagiza mali Guangzhou na Dubai na kuipitisha Mombasa hadi Kasindi, na vipande hivi ni vidogo, vinaingia kwenye mfuko wa koti. Kwa bei za mtandaoni, ubao mdogo wa kompyuta wa ESP32 ni kama dola 5 hadi 10, kipokezi cha GPS kama 10, kipima mtikisiko chini ya 5, kihisi cha vumbi 20 hadi 30. Ukiongeza betri, kadi ya kumbukumbu na kopo la plastiki, unafika kwenye dola 60 kabla ya usafiri.

Kasoro yake ni ukungu. Vihisi vya vumbi vya bei hiyo huhesabu chembe kwa mwanga, na hewa ikilowa, tone la maji nalo linahesabiwa kuwa vumbi. Butembo, mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake nyingi ni za ukungu, kwa hiyo kisanduku kitakuambia mji unafukiwa na vumbi hali watu wamevaa makoti. Kipime Januari au Julai, mchana. Ushauri upo karibu pia: AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, hutengeneza vipimo vyake vya hewa na umewahi kuvifunga kwenye bodaboda.

Chaguo la tatu ni simu, na kwa swali la barabara ndilo linaloshinda. Simu ya kawaida ya Android ina GPS na kipima mtikisiko ndani yake. Programu ya phyphox inasoma mtikisiko bure, OSMTracker inachora njia bure. Ifunge kwenye usukani kwa utepe wa mpira wa tairi bovu la ndani, ivishe mfuko wa plastiki, anza safari. Kila shimo linatoka kama mwiba kwenye mchoro. Nairobi, wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, na Januari 2014 mradi wa Digital Matatus ukatoa ramani ya njia zaidi ya 130.

Lakini msongamano usiupime kwa baiskeli. Kinga inayopita haijui ni motari wangapi wamepita kabla yake. Hapo weka vijana wawili kwenye makutano, kalamu na daftari, toka saa kumi na mbili asubuhi. Ni teknolojia ya kizamani, na kwa kazi hii haijapata mpinzani.

Gharama isiyoandikwa dukani ni kibali. Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu 6 Mei 2021, na Beni imezoea kuzika waliouawa katika mauaji ya tangu Oktoba 2014. Anayezunguka na kopo lenye waya na taa inayometa atasimamishwa kwenye kizuizi, na sitamlaumu askari. Chukua barua ya ofisi ya meya, mjulishe kiongozi wa kila mtaa, na kwenye faili futa mita 200 za mwanzo na za mwisho, kwani zinaonyesha mwendeshaji analala wapi. Watu wa hapa wanakumbuka fomu na orodha za wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020. Watauliza takwimu ni za nani, na jibu liwepo kabla baiskeli haijatoka.

Mgao wangu wa miji yote miwili ungekuwa hivi. Simu mbili zilizotumika, tuseme dola 50 kila moja: 100. Betri mbili za akiba: 30. Mwendeshaji kwa dola 5 kwa siku, siku 10 kila mji: 100. Wahesabuji wanne, wawili kila makutano, siku tatu kila mji, kwa malipo hayohayo: 120. Kisanduku kimoja cha vumbi: 60. Jumla 410.

Zinabaki 90. Sehemu ni ya mega za intaneti, barua na mipira ya ndani. Lakini kitu cha kwanza kununua humo ni pampu yenye kipimo cha upepo. Tairi likijazwa sana, barabara ileile inasomeka mbovu zaidi; likilegea, inasomeka nzuri. Mwendeshaji apime kila asubuhi kabla ya kutoka, na mzigo uwe uleule, hata kama ni madumu mawili ya maji.