Feza nyingi, kisanduku kidogo: namba kubwa zinaweza kuharibu hesabu za ordinateri

Mwenye magazini akinunua programu ya kuhesabu feza, huuliza bei yake na namna ya kuitumia. Kuna ulizo lingine ambalo wachache hulifikiria: namba kubwa kabisa ambayo programu hiyo inaweza kubeba ni gani?

Mtu anayeandika kwenye kaye anaweza kuongeza tarakimu anavyotaka. Ordinateri, yenyewe, mara nyingi huweka namba nzima katika kisanduku chenye ukubwa uliopangwa mbele. Kisanduku kinachotumiwa sana ni cha biti 32, na kinaishia kwenye 2.147.483.647. Ukiongeza moja tu, lugha ya Java, kwa mfano, haitoi onyo lolote: inaandika -2.147.483.648. Aliyekuwa na miliari mbili anaonekana ana deni la miliari mbili.

Kwa anayehesabu kwa dola, kikomo hicho kiko mbali. Kwa franka za Kongo, kiko karibu. Dola moja ikihesabiwa kwa franka 2.500, kisanduku kinajaa kabla ya kufika dola 860.000. Programu zingine huhesabu kwa santimu. Hapo kinajaa kwenye franka 21.474.836, yaani karibu dola 8.600. Lori moja la bidhaa linaweza kupita hapo.

Nchi yetu inajua namba ndefu. Mwaka wa 1992 ilitoka noti ya zaïre milioni 5. Mwaka wa 1993, zaïre milioni 3 zikawa zaïre mpya moja, na mwaka wa 1998 zaïre mpya 100.000 zikawa franka moja. Kwa hiyo, franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na miliari 300 za zaïre za zamani. Kisanduku cha biti 32 hakiwezi kubeba hata franka hiyo moja.

Hata wakubwa wa teknolojia walipatwa. Tarehe 4 mwezi wa sita 1996, roketi ya Ulaya Ariane 5 iliharibika muda usiofika dakika moja baada ya kuruka kutoka Kourou. Programu yake ilijaribu kuingiza namba kubwa katika kisanduku cha biti 16, kinachoishia kwenye 32.767. Mwaka wa 2014, YouTube nayo ilipanua hesabu yake kwa sababu video ya Gangnam Style ilikuwa imepita mara miliari 2,1.

Dawa ipo. Kisanduku cha biti 64 kinabeba zaidi ya miliari ya miliari 9. Python hupanua namba nzima yenyewe kadiri memori inavyoruhusu, na Java ina BigInteger kwa kazi hiyo.

Wanaotumia Excel wajihadhari pia: inashika tarakimu 15 tu. Ukiandika namba ya konti yenye tarakimu 16, ya mwisho inageuka sifuri. Namba za namna hiyo ziandikwe kama maneno, si kama hesabu.

Kwa anayetaka kununua programu, jaribio ni rahisi. Mbele ya kulipa, aingize mauzo mawili ya franka 1.500.000.000 kila moja, kisha aangalie jumla. Isipokuwa 3.000.000.000, arudishie muuzaji programu yake.