Hedifoni ya elfu tano: ipime ndani ya taksi

Kwenye stendi za taksi za Jinja na Mbale, Uganda, hedifoni huuzwa dirishani pamoja na maji na karanga. Mchuuzi anataka shilingi 5,000, ukibishana atashuka, na ukisitasita atakuchomekea kwenye simu yake mwenyewe: sauti juu kabisa, wimbo wenye besi nzito. Unasikia mdundo, unatoa hela. Jaribio hilo halikuambii chochote cha maana, maana karibu kila spika hupiga kelele ikisukumwa hadi mwisho. La kujiuliza ni kinyume chake: nikishusha sauti huku taksi inanguruma, bado nitasikia vizuri?

Tuitoe bei njiani kwanza, kwa sababu ndiyo inayotupoteza wengi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali. Alipolinganisha bei na namna kila moja inavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba, hakukuta uhusiano. Fedha nyingi zinaweza kukununulia waya imara, mito laini na jina, lakini hazikuhakikishii sauti iliyo sawia. Kwa hiyo anayekucheka kwa hedifoni ya elfu tano hana hoja. Ila wewe nawe hujashinda bado.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni 75. Desibeli zina hesabu yake: kila zinapoongezeka 3, nishati ya sauti inakuwa maradufu na muda salama unakatika nusu. Kwa desibeli 83 una saa 20, kwa 86 una saa 10. Zikifika 95, umebakiwa na saa moja na robo kwa wiki nzima. Sasa panda taksi Jinja, pita Iganga, shika barabara ya Tirinyi mpaka Mbale. Ni safari ya saa tatu hivi, madirisha wazi, injini, upepo na redio ya dereva vikishindana, na kidole chako kinapandisha sauti bila wewe kukituma. Ukiipeleka 95, mgawo wa wiki umekwisha hata nusu ya njia hujafika. Na bado hujarudi Jinja.

Kinachoumia kiko kwenye sikio la ndani, katika mfereji uliojisokota kama konokono, ambamo seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila sikio, hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Mara nyingi hutangulia kuharibika zile zinazopokea sauti za karibu na hezi 4,000, na ndiyo maana aliyeathirika halalamiki kwamba hasikii. Analalamika kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno. Irabu anazipata, lakini s, f na sh zinamponyoka, na konda akitaja nauli inabidi aulize mara mbili.

Basi tofauti kubwa kati ya hedifoni mbili za bei rahisi ni jinsi zinavyokaa sikioni. Kuna zile za plastiki ngumu zinazoning'inia kwenye tundu la sikio bila kuliziba. Kelele ya taksi inapita pembeni kama kawaida, halafu besi nayo inavuja nje kupitia upenyo uleule. Wewe unadhani hedifoni ni dhaifu, unaongeza sauti, na sauti zote zinapanda, hata zile nyembamba zilizokuwa zinatosha. Kuna na zile zenye vipira laini vya kuingia ndani. Kipira kikikaa sawasawa hupunguza kelele ya nje kwa desibeli 15 au zaidi, na besi inarudi bila kugusa simu. Mtu huyohuyo aliyehitaji 95 sasa anaridhika na 80 na kitu. Mara nyingi pakiti huja na vipira vya saizi tatu, na wengi hutupa viwili bila kuvijaribu, nami huona hapo ndipo fedha inapopotea. Masikio ya mtu mmoja yanaweza hata kutofautiana, la kushoto likataka kipira kidogo na la kulia kikubwa.

Jaribio la stendi basi ni hili. Vaa hedifoni bila muziki. Sauti ya konda anayeita abiria imefifia? Kama haijafifia, mrudishie mchuuzi. Kama imefifia, chomeka kwenye simu yako, weka sauti isizidi asilimia 60, na cheza taarifa ya habari badala ya wimbo. Ukishika kila neno, inafaa. Malizia kwa kutikisa waya pale unapoingia kwenye pini, maana hapo ndipo hukatikia. Upande mmoja ukikwaruza leo, wiki ijayo utanyamaza.

Maandishi ya boksi yasikusumbue. Ile "20 Hz hadi 20 kHz" ni mipaka ya usikivu wa binadamu, na hata hedifoni mbovu huichapisha. Herufi ENC nazo zimewaponza wengi: kwa kawaida husafisha sauti ya kipaza chako ili unayempigia akusikie, wewe kelele yako unabaki nayo. Ya kukupunguzia wewe huandikwa ANC, na kwa elfu tano usiitarajie. Hata onyo la simu kwamba sauti imezidi ni makadirio tu, kwani simu haijui kinachotokea ndani ya sikio lako.

Kwa dereva wa bodaboda jibu ni fupi: hapana, ya bei yoyote ile. Anahitaji kusikia honi. Na mwaka wa imbalu, sherehe za tohara za Wagisu, ukishinda siku nzima kwenye ngoma za kadodi pale Mutoto, Mbale, ujue mgawo wa wiki umekwishaliwa na ngoma. Sikio halibagui kelele ya sherehe na ya waya. Likivuma mpaka kesho yake na halinyamazi, nenda kliniki ya masikio, pua na koo.

Zenye vipira, zikipita jaribio la konda, mpe mchuuzi elfu tano yake. Zile za plastiki ngumu, kama tayari unazo, zibaki za kusikilizia habari chumbani usiku, mtaa ukishatulia.