Kipanya cha Kompyuta Kichaguliwe kwa Mkono, si kwa Macho

Siku hizi ni nadra kukuta ukoo usio na mtu anayefanya kazi kwa kompyuta. Kuna kijana aliyeajiriwa kwenye duka la steshenari, kuna karani wa parokia, kuna mwalimu anayechapa mitihani, na kuna mtoto wa chuo. Hao wote hushinda wameshika kile kidude cha kuongozea mshale kwenye kioo kiitwacho kipanya, au mausi kama wengi wanavyosema. (Sisemi kile kipanya cha abiria tulichobanana ndani yake mjini miaka ile, ingawa nacho kilitutesa viungo.) Mtu akinunua kompyuta huuliza maswali mengi, lakini kipanya huchukua chochote kilicho karibu na muuzaji. Wakati huo huo kipanya ndicho mkono wake utakachoshika saa sita au nane kila siku.

Kifaa hiki si cha jana. Mmarekani Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walikitengeneza cha kwanza mwaka 1964. Kilikuwa kibao cha mti chenye magurudumu mawili ya chuma na kitufe kimoja, na kikaitwa kipanya kwa sababu waya wake ulifanana na mkia. Tangu wakati huo kimebadilika sana, lakini mkono wa binadamu haukubadilika.

Tuutazame basi mkono wenyewe. Kwenye kifundo, pale kiganja kinapoanza, mna njia nyembamba. Chini na pembeni imezungukwa na mifupa, na juu imefunikwa na utepe mgumu usiovutika. Ndani ya njia hiyo hupita kano tisa za kukunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu, wa kwanza kubanwa ni huo mshipa wa fahamu. Mgonjwa husikia ganzi na mchomo kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho huwa hakimo, maana kina mshipa wake mwingine. Mara nyingi ganzi humwamsha usiku, akaketi kitandani akikung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji.

Nisieleweke vibaya. Wataalamu hawajakubaliana kwamba kipanya peke yake huleta ugonjwa huo. Huwapata zaidi wanawake, mama wajawazito, wenye kisukari, wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na wenye baridi yabisi ya viungo. Huwapata pia watu ambao hawajawahi kuiona kompyuta. Lakini mwenye mkono uliokwisha kuanza kubanwa, akipewa kipanya kibaya na meza mbaya, huumia zaidi. Na hata asiye na ugonjwa huo huweza kupata maumivu ya kiwiko, bega na shingo kwa sababu ya kunyoosha mkono mbali kutwa nzima.

Dada mmoja mchapaji alifika kwetu akiwa amechuliwa mkono kwa miezi mingi, na amechanjwa chale kwenye kifundo kwa kuambiwa ametupiwa kitu. Alianza kwa ganzi ya usiku, kisha vikombe vikawa vinamponyoka. Tulipolinganisha viganja vyake, nyama iliyo chini ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imebonyea. Kazini alitumia kipanya kidogo sana, cha aina wanayobeba wasafiri mfukoni, nacho kilikaa mbali, nyuma ya daftari la wateja. Alipata matibabu, akabadilishiwa kipanya na mahali pa kukiweka. Ganzi ilipungua na analala usiku, ila ile nyama haijarudi kama zamani. Huyu anakula kwa mikono yake, na watoto wake pia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni ukubwa. Chukua rula, upime kuanzia mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa makadirio tu, mkono usiofika sentimita 17 ni mdogo, wa 17 hadi 19 ni wa wastani, na unaozidi hapo ni mkubwa. Mkono wa wastani hutoshelezwa na kipanya chenye urefu wa sentimita 11 au 12 hivi. Kikiwa kidogo mno, vidole hukunjamana kama kucha za kuku na gumba hubana bila kupumzika. Kikiwa kikubwa mno, utalazimika kuvinyoosha vidole ili kufikia vitufe.

Usitosheke na picha iliyo kwenye boksi. Mwombe muuzaji akifungue. Kiwekee mkono kama unavyoulaza juu ya chungwa, uone kama kiganja kimeegemea, kama vidole vimelala juu ya vitufe bila kujikaza, na kama kifundo kimenyooka sambamba na mkono. Bonyeza mara nyingi, si mara moja. Kitufe kinachotaka nguvu ni adui wa kano zako, kwa maana kwa siku utakibonyeza mara nyingi sana. Halafu zungusha lile gurudumu la katikati. Ukikijaribu kwenye kompyuta ya dukani, kumbuka kwamba kaunta nyingi ni za kioo, na vipanya vingi vya mwanga havitembei vizuri juu ya kioo. Tandika karatasi kabla hujakilaumu.

Wauzaji hupenda kusifia namba kubwa za wepesi wa mshale. Namba hizo huwafaa wacheza michezo ya kompyuta. Kwa kuandika barua na kupanga hesabu, 800 hadi 1600 zatosha kabisa. Vivyo hivyo taa za rangirangi: hazimponyi mtu.

Waya au bila waya? Kwa kompyuta isiyohama mezani, mimi ningechukua cha waya. Ni bei nafuu, hakitaki betri, na si rahisi kukiiba. Angalia tu waya uwe mlaini na usivute kipanya nyuma. Cha bila waya ni kizuri pale meza ilipojaa, lakini kina kijidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kikipotea hicho mara nyingi kipanya chote hubaki pambo.

Kuna pia kipanya cha kusimama, ambacho hushikwa kana kwamba unampa mtu mkono. Huupunguzia mkono kule kujipindua kuangalia chini, na baadhi ya watu wenye maumivu husema wamepata nafuu. Si dawa, na kukizoea huchukua siku kadhaa. Nacho kina ukubwa wake, kwa hiyo kijaribu kama vingine.

Ukifika nyumbani au ofisini, kiweke kipanya karibu kabisa na kibodi, kwenye kimo cha kiwiko, mkono wa juu ukining'inia karibu na ubavu. Kile kimto cha kuegemezea kifundo kisikandamize mahali mshipa unapopita wakati unasogeza kipanya. Kitumie ukiwa unapumzika tu. Kila baada ya nusu saa achia kipanya, fungua na ufumbe kiganja, shusha mabega.

Aliyekwisha kupata ganzi ya usiku asingoje. Hospitali itampa gango la kukinyoosha kifundo wakati wa kulala, na itampima kisukari. Mama mjamzito asiogope, kwa kawaida hali hii hupungua baada ya kujifungua. Lakini ganzi isiyoondoka mchana, vitu kuponyoka, au nyama ya gumba kubonyea, ni dalili za kumwona daktari mapema, kabla mshipa haujaharibika. Wengine huhitaji upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe. Na mkono ukilegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, hilo si suala la kipanya: mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo.

Wazazi wenye mtoto wa mkono wa kushoto msimlazimishe kutumia wa kulia. Mnunulieni kipanya chenye pande mbili zinazolingana, kwa sababu vingi vimechongwa kwa mkono wa kulia tu. Vitufe hubadilishwa kwenye mipangilio ya kompyuta, bila gharama yoyote. Hata mtu wa kulia aweza kujifunza hivyo, akaupumzisha mkono mmoja. Kwa kibodi yenye namba upande wa kulia, kipanya cha kushoto hukaa karibu zaidi na mwili.