Kofia Ndefu za Manyoya: Dubu, Simba na Joto la Faza

Kofia ndefu ya manyoya ni vazi la askari linaloshonwa kwa ngozi ya mnyama ikiwa bado na manyoya yake, kisha likasimamishwa wima ili mvaaji aonekane mrefu kuliko alivyoumbwa. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya ngozi ya dubu mweusi wa Kanada, inayovaliwa na vikosi vitano vya walinzi wa miguu wa mfalme wa Uingereza. Kimo chake ni sentimita 46 hivi. Anayeiona kwa mbali hudhani ni mzigo mzito, lakini uzito wake haufiki kilo moja, kwa sababu ndani ni tupu: ngozi imevutwa juu ya kiunzi chepesi kilichosukwa mithili ya kikapu. Kinachoizuia isianguke ni mnyororo mwembamba unaopita chini ya mdomo wa askari.

Asili yake ni silaha. Katika karne ya 17 majeshi ya Ulaya yalikuwa na askari maalumu wa kurusha guruneti, ambalo wakati huo lilikuwa tufe la chuma lililojazwa baruti na kuwashwa kwa utambi. Walichaguliwa wanaume warefu wenye nguvu. Kofia ya kawaida ya zama hizo ilikuwa na ukingo mpana uliomzuia askari kuinua mkono na kupitisha bunduki begani, hivyo warusha guruneti wakapewa kofia nyembamba isiyo na ukingo. Ilianza kama kitambaa, ikarefushwa, ikapambwa kwa manyoya, hata mwaka 1768 kanuni za mavazi za jeshi la Uingereza zikaagiza kofia za ngozi ya dubu kwa askari hao. Guruneti liliachwa mapema, kofia ikabaki. Mtu mrefu aliyeongezwa karibu nusu mita kichwani alimtisha adui kabla hata risasi haijalia.

Walinzi wa Napoleon walizivaa pia. Baada ya kushindwa kwake Waterloo tarehe 18 Juni 1815, kikosi cha kwanza cha walinzi wa Uingereza kilipewa jina la Grenadier na haki ya kuvaa kofia ya dubu, kwa heshima ya kuwashinda walinzi hao wa Kifaransa. Coldstream na Scots walifuata miaka ya 1830. Kikosi cha Ireland kiliundwa mwaka 1900, cha Wales mwaka 1915. Leo vinatofautishwa na shada dogo la pembeni: jeupe kushoto kwa Grenadier, jekundu kulia kwa Coldstream, la buluu kulia kwa Ireland, jeupe lenye ukanda wa kijani kushoto kwa Wales. Scots hawana shada lolote.

Wachoraji waliipenda kofia hii kwa weusi wake. Mchoro uliogusa watu zaidi ni The Roll Call wa Elizabeth Thompson, ulioonyeshwa London mwaka 1874. Ndani yake askari wa Grenadier wamepanga mstari kwenye theluji ya vita vya Crimea wakihesabiwa baada ya mapigano. Hakuna ushindi unaoonekana. Wengine wamejeruhiwa, mmoja ameanguka kifudifudi, na mstari wa kofia nyeusi dhidi ya mbingu ya kijivu unapanda na kushuka kama pumzi za watu waliochoka. Watu walisongamana hivi kwamba polisi aliwekwa kuulinda mchoro, na Malkia Victoria akaununua. Kofia iliyobuniwa ili kumkuza askari ilikuwa imetumika, kwa ustadi mkubwa, kuonyesha udhaifu wake.

Udhaifu huo huonekana hata leo jua likiwaka. Mwezi Juni 2023 walinzi kadhaa walizimia London katika mazoezi ya gwaride la kuzaliwa kwa mfalme, joto likiwa karibu nyuzi 30 za selsiasi. Hilo ndilo joto la mchana wa kawaida katika visiwa vya Lamu. Manyoya ya dubu yaliumbwa kukabili baridi: yanashika hewa kati ya nywele na kuzuia joto la mwili lisitoke. Mnyama wa nchi ya joto kwa kawaida habebi kanzu ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo historia ya kofia za manyoya Afrika Mashariki imefuata mwinuko wa nchi. Inapanda milimani na katika nyanda za juu, na inakoma kabla ya kufika baharini.

Afrika Mashariki mnyama aliyetoa kofia ndefu ni simba, kwa singa zake, yaani manyoya marefu ya shingoni mwa dume. Utafiti wa Peyton West na Craig Packer, uliochapishwa mwaka 2002 kutokana na kazi yao Serengeti, ulionyesha kwamba simba jike huvutiwa na dume mwenye singa nyeusi, na madume wengine humwogopa mwenye singa ndefu. Gharama yake ni joto: mwenye singa nyeusi huumia zaidi kwa jua. Kwa hiyo penye baridi singa hurefuka na kukolea, na penye joto hupungua. Madume wengi wa Tsavo, katika nyika ya chini ya Kenya, wana singa chache au hawana kabisa.

Nyanda za juu za Ethiopia zilikuwa na simba wa singa nyeusi zinazoshuka hadi kifuani, na huko ndiko kofia ya simba ilikofikia cheo cha juu. Mpiganaji aliyejipatia sifa alivaa singa zikiwa zimesimama kuzunguka paji la uso, kiasi kwamba uso wa mtu ulikaa mahali pa uso wa mnyama. Haile Selassie alipotawazwa Addis Ababa tarehe 2 Novemba 1930, wakuu wa vita walihudhuria wakiwa na singa hizo vichwani, mbele ya wageni wa Ulaya waliokuja na kofia zao za mashada. Wageni wale walikuwa na kila sababu ya kuelewa walichokiona, kwani walinzi wa wafalme wao walivaa dubu.

Kwa Wamaasai vazi hilo huitwa olawaru. Lilikuwa haki ya morani aliyemchoma simba mkuki wa kwanza. Singa zilisafishwa, zikapambwa kwa shanga, zikavaliwa katika sherehe za rika. Asiyepata simba alivaa manyoya ya mbuni yaliyopangwa kuzunguka uso. Milimani, ambako simba ni adimu, mbega mweusi na mweupe ndiye aliyetoa manyoya marefu ya mapambo ya vijana. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na tangu mwaka 2012 morani wa eneo la Amboseli wanashindana katika michezo yao ya kukimbia, kuruka na kurusha mkuki badala ya kuwinda simba. Mavazi mengi ya zamani yanaonekana leo katika picha za Joy Adamson, aliyeagizwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kuchora watu wa Kenya katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia, kutoka bara hadi pwani, na nyingi zimehifadhiwa Nairobi.

Majeshi ya kikoloni hayakuleta dubu. Askari wa keya, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902, walivaa tarbushi, kofia ndefu ya sufu iliyobanwa, yenye kishada. Ilipitia Misri: afisa Wissmann aliwaandika Wasudani mjini Cairo mwaka 1889 kwa ajili ya Wajerumani, na Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua wengine mwaka 1891 kutoka kwenye mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na kuwapeleka Uganda. Tarbushi ilimwongezea askari kimo bila kumchemsha, na kwa nchi hizi hilo lilikuwa chaguo la busara.

Pwani, manyoya yanapokoma, Faza, mji wa Wabajuni kaskazini mwa Kisiwa cha Pate katika visiwa vya Lamu, wenyewe wakiuita pia Rasini, umeyaona majeshi mengi. Wareno waliuangamiza mwaka 1587. Nje ya mji lipo kaburi la Amir Hamad, mkuu wa majeshi ya Seyyid Said wa Unguja, aliyeuawa mwaka 1844 katika vita dhidi ya Siyu na Pate. Huyo hakuwa mtu wa manyoya. Alama ya cheo kwa amiri wa Kibusaidi, ukoo wa Seyyid Said, ilikuwa kilemba, kitambaa kirefu kilichozungushwa kwa ustadi, kinachokinga jua na kunyonya jasho. Ng'ambo ya kisiwa, katika misitu ya Boni na Dodori, simba wapo, lakini ni simba wa nyanda za joto.

Mnyama aliyeazimwa utukufu wake katika Kisiwa cha Pate ni ndovu. Siwa ya Pate, baragumu la pembe lenye urefu unaozidi mita mbili, ilipulizwa katika sherehe za watawala, na sasa ni hazina ya taifa. Ukuu wake ulisikika badala ya kuvaliwa. Kichwani mwanamume wa Faza alibaki, na amebaki, na kofia ya kushonwa kwa mkono: duara la juu na ukanda wa pembeni, vya pamba nyeupe yenye tabaka, vikitobolewa matundu madogo na kila tundu likizungushiwa uzi. Kofia moja nzuri huchukua majuma hadi miezi. Ina kimo cha sentimita chache tu, na upepo wa kaskazi hupita katika matundu yake.