Megapikseli nane hazitakuonyesha sura ya mwizi

Nafunga kamera za ulinzi Dar es Salaam, na simu ninazopokea zinaanza kwa swali lile lile: "Fundi, Kariakoo duka gani wanauza za megapikseli 8 kwa bei nzuri?" Wanazo wote, mtaa mzima. Anayeuliza hivyo ameshakosea kabla hajapanda daladala.

Tuimalize hii habari ya megapikseli. Ili umtambue kwenye rekodi mtu usiyemjua, kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana pale alipo mtu huyo. Kwa unayemfahamu, 125 zilitosha. Kamera nyingi za boksi huja na lenzi ya milimita 2.8, ambayo wauzaji wanaipenda kwa sababu ukiiwasha dukani inaonyesha ukuta hadi ukuta. Lakini geti lako likiwa mita 10 kutoka kwenye kamera, lenzi hiyo inatazama eneo lenye upana wa mita 26 hivi. Kamera ya megapikseli 8 ina pikseli 3,840 kwa upana. Gawanya kwa 26, unapata kama 148 kwa mita, na bado mwizi humtambui. Sasa chukua ya megapikseli 2, yenye pikseli 1,920, uiwekee lenzi ya milimita 6. Eneo linabaki upana wa mita 10 hivi, na unapata zaidi ya 190 kwa mita. Isogeze mpaka ibaki mita 7 kutoka getini, 250 unazivuka. Ya bei ya chini imeishinda ya bei ya juu, tena mchana kweupe.

Usiku ndiyo balaa. Sensa ndogo ikigawanywa vipande milioni 8, kila kipande kinaambulia mwanga kiduchu, picha inajaa chengachenga. Programu ya kamera inajitahidi kuzifuta chenga, na pua ya mtu inaondoka nazo.

Bado kuna diski. Kamera nne za megapikseli 8, kila moja ikirekodi kwa megabiti 8 kwa sekunde, zinakula kama gigabaiti 345 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku ya tatu haijaisha, kisha inaanza kufuta za nyuma. Umekwenda msibani Moshi wiki nzima, umevunjiwa Jumatatu, unarudi Jumapili: utatazama nini? Nne za megapikseli 2, kwa megabiti 2 kila moja, zingekutunzia siku 11 kwenye diski hiyo hiyo.

Na hapo nimechukulia kwamba boksi linasema kweli. Zipo kamera zenye sensa ya megapikseli 2 ambazo programu inainyoosha picha ili ifikie namba iliyoandikwa nje. Mwambie muuzaji airekodi namba ya bajaji iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara, afanye vivyo hivyo kwa kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya kipimo kile kile, kisha azivute zote mbili. Zikipasuka sawasawa, umeelewa.

Kwa hiyo duka la kununua ni lile linalokuuliza wewe kwanza: geti liko mita ngapi, usiku kuna taa, waya utapita wapi. Wakianza na "unataka megapikseli nne au nane?", aga kwa heshima uende zako.

Waya nao uombe kipande, ukikwangue kwa wembe hapo hapo kaunta. Ndani pakitokea peupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mchana utadhani umepata mali. Giza likiingia, taa za infraredi zinawaka, kamera inavuta umeme zaidi, na volti 12 zilizotoka kwenye pawa saplai zinafika mwisho wa waya mrefu zimepungua. Kamera inazima. Taa zikizimika inapata nguvu, inawaka, inazima tena, mpaka alfajiri. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambako walishaanza kumshuku jirani kwa ushirikina.

Haya, wapi? Kaunta za Kariakoo ni nafuu, ila nenda na fundi wako na utoke na risiti ya EFD, namba ya kila kifaa ikiwa imeandikwa mahali. Wakala rasmi ni ghali kidogo, lakini dhamana ipo, na mashine ya kurekodia haitageuka Kichina siku utakaposasisha programu, kama zinavyofanya baadhi ya zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China. Kampuni za ulinzi za kulipia kwa mwezi zinafaa kwa ghala. Soma mkataba ujue rekodi ni za nani. Mtandaoni nunua vidude vidogo tu. Fundi anayeleta kila kitu mwenyewe si mbaya, mradi modeli zote ziwe kwenye ankara na nywila ya kiwandani ibadilishwe mbele yako. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodia kwa maelfu kupitia nywila hizo hizo.

Na kabla hujatoa hela, tazama juu. Duka lenyewe lina kamera. Mwambie mwenyewe akuonyeshe rekodi ya kamera ya mlangoni kwake, ya jana, saa nane usiku. Asipoweza, duka la pili liko hatua chache tu.