Raia Asiyeruhusiwa Kwao

Wanafunzi wa sarufi hufunzwa kwamba kivumishi huifafanua nomino. Watunga sheria wa Uingereza walivumbua kivumishi kinachoiua.

Sheria yao ya mwaka 1948 ilijua uraia mmoja, wa Uingereza na makoloni yake. Mzaliwa wa London na mzaliwa wa Nairobi waliitwa jina lile lile. Kenya ilipojitawala mwaka 1963, Waasia wengi wa hapa walibaki na pasipoti za Uingereza. Walipoanza kuhamia huko kwa maelfu, Bunge la London lilipitisha, mnamo 1968 na kwa siku tatu tu, sheria ya kuwazuia wasiingie bila kibali. Aliyesalimika ni yule ambaye yeye, mzazi wake au babu yake alikuwa mzaliwa wa Uingereza. Msomaji na ajijibu ni watu wa rangi gani hao!

Mashauriano ya miaka mingi yakazaa sheria ya 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983. Hapo wenzetu hawa wakapewa jina rasmi: raia wa Uingereza wa ng'ambo. Jina tamu, ila halikumpa mwenyewe haki ya kukanyaga Uingereza.

Neno letu ‘raia’ lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kale ni kundi lenye mchungaji. Mchungaji huyu aliwafungia zizi wanyama wenye chapa yake mwenyewe.

Sheria ya 2002 ndiyo iliyowaruhusu wale wasiokuwa na uraia mwingine kujiandikisha kuwa raia kamili. Aliyekuwa na miaka 40 mlango ulipofungwa alikuwa sasa na 74.